Msimamizi amenizimia maiki nikiwa nimefika kwenye MAZIWA!

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka.

Jana usiku kikao cha hadithi, zamu yangu. Wiki tatu najiandaa! Nasimulia Ireland ya kale: wana wa Míl, wavamizi kutoka ng'ambo, wamewapiga Tuatha Dé Danann, kabila la miungu la huko, nchi wamechukua, walioshindwa wamehamia chini ya vilima. Washindi wanajilia raha. Ghafla nafaka inaharibika, maziwa yanaharibika. Kazi ya Dagda hiyo, mkubwa wa walioko chini. Njaa ikawashika washindi mpaka wakaenda wenyewe kufanya naye urafiki. Nikavuta pumzi niseme "na maziwa yakarudi"...

Kimya. Maiki imezimwa!

Mnamjua alivyo. Eti "mshindi haombi amani, na hao ni majini tu, hadithi ya kutishia watoto." Ukumbi mzima ukacheka, nadhani mpaka Ireland walisikia.

Mshindi haombi amani? Anyimwe ugali na chai ya maziwa siku mbili tu, tuone kama hatapanda kilimani kwa magoti! Huo mkataba ndio hadithi yenyewe. Bila huo hakuna anayekula, juu wala chini. Na si majini, kwao wanaitwa watu wa vilima. Nimeandika ukurasa mzima kueleza kwa nini nimelikwepa neno hilo. Nani ameusikia? Hakuna, kwa sababu nimezimwa kwenye maziwa. Kwenye MAZIWA, jamani! Si angenizima kwenye vita!

Kahawa Chungu: Pole mkuu, ila nilikuwepo. Kwenye vita tu ulikaa dakika arobaini. Hata Dagda angezima.

Mleta uzi: Vita vya kugombea nchi nzima, ulitaka dakika mbili?

Binti Pangani: Huyo huyo alinifutia uzi wangu wa mizimu ya mapango ya Amboni. Kurasa sita! Sikuomba hata maiki.

Mwisho wa Reli: Wenzetu wanaheshimu hayo mambo. Mwaka 1999 kule Clare, Ireland, barabara kuu ilikuwa ipite kwenye mti mmoja wa miiba pale Latoon. Msimulizi Eddie Lenihan akapiga kelele kwamba mti ni wa hao watu wa vilima, ukaachwa. Huku kwetu mwembe wa shangazi umekatwa wapitishe bomba, bila hata hodi. Fidia mpaka leo hola.

Kahawa Chungu: Bomba lenyewe linatoa maji?

Mwisho wa Reli: Linatoa upepo.

Mama wa Uani: Mnamsahau Aengus, naye wa hao hao watu wa vilima. Vilima vimegawanywa, yeye kakosa. Akaomba kukaa Brú na Bóinne, kilima cha Dagda mwenyewe, mchana na usiku, akapewa. Kuambiwa atoke, akasema dunia yote ni mchana na usiku, hatoki. Mimi nina Aengus wangu chumba cha uani. Aliomba alale usiku mmoja, mvua. Tangu Februari!

Binti Pangani: Mpeleke kwa mjumbe.

Mama wa Uani: Mjumbe ni shemeji yake.

Mleta uzi: Wakuu, na maiki yangu?

Mwisho wa Reli: Mama wa Uani, umeme analipa nani?

Mama wa Uani: Usinikumbushe. Ana friji.