Mrejesho: nimechagua Ryzen 7 9800X3D kwa kompyuta ya michezo

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu prosesa ya kuoanisha na kadi ya michoro ya RTX 5080: Ryzen 9 9950X yenye kori 16 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), au Ryzen 7 9800X3D yenye kori 8. Nimechukua ya pili, kwa kuwa akiba yake ya ngazi ya tatu (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa), MB 96, huifaa michezo kuliko wingi wa kori, ambao ungemsaidia zaidi mtu anayehariri video kutwa. RAM ni DDR5 ya GB 32 katika vijiti viwili, kwani kwenye mazabodi za AM5 (bodi kuu zenye soketi ya prosesa hizi) vijiti vinne mara nyingi hulazimisha kasi ipunguzwe.

Suala la umeme ndilo lililonichukulia muda. Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 850 kwa kadi hiyo, ambayo peke yake inaweza kutumia wati 360. Nami nimeweka ya wati 1000 pamoja na UPS (kifaa chenye betri kinachoilinda kompyuta umeme unapoyumba), maana umeme wa mtaani kwetu hupanda na kushuka. Aliyenihimiza ninunue kasha lenye taa nyingi atanisamehe: nimechagua lenye matundu mapana mbele, ili hewa ipite.