Taifa Stars ikifika kumi na nane (boksi la mpinzani) inapotea: tupunguze wachezaji wa kigeni au shida iko kwingine?

Wakuu, kila Stars ikitoka uwanjani bila bao, wimbo ni uleule: klabu zinaruhusiwa wageni 12, washambuliaji wetu wanasugua benchi, timu ya taifa inakosa mtu wa kucheka na nyavu. Eti dawa ni kupunguza wageni. Mimi napinga, na nipo tayari kupigwa mawe.

Kumbukeni San Pedro, Januari 2024, AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Ivory Coast. Nilikuwa kibanda umiza, tumebanana hadi mlangoni. Dakika ya 11 Msuva anawatungua Zambia. Karibu na mapumziko Kabwe anakula nyekundu. Tuna bao, wao wako kumi, na kipindi cha pili chote ni chetu. Nilichokiona mimi: mpira ukigusa ukingo wa boksi, mtu anageuka nao nyuma, au analimimina jalo (krosi) ambalo halina mwenyewe. Dakika ya 88 kona, kichwa cha Patson Daka, 1-1. Mzee aliyekaa mbele yangu alivaa kandambili zake akaondoka bila kuaga. Mechi iliyofuata suluhu na DR Congo, tukarudi nyumbani na bao moja kwa mechi tatu.

Mtasema hao wako benchi kwa sababu ya wageni. Haya, CHAN ya Agosti 2025, tena nyumbani kwetu, mashindano ya wanaocheza ligi za ndani. Mechi tano, mabao matano. Mawili ya Mzize, siku moja, dhidi ya Madagascar. Moja penalti ya Sopu. Mawili yaliyobaki? Tshabalala na Kapombe, beki wa kushoto na beki wa kulia! Robo fainali Morocco wakatupiga 1-0 kwa Mkapa.

Na ufungaji bora wa ligi: tangu msimu wa 2018/19 hadi 2024/25 kiatu kimebaki kwa wazawa mara mbili tu, Bocco mabao 16, kisha George Mpole 17 akiwa Geita Gold. Lakini wote wawili walikipata wageni wakiwa wamejaa ligini. Kwa hiyo inawezekana.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, unajifunga mwenyewe. Mpole alifunga 17 kwa sababu Geita hakuwepo mgeni kama Mayele wa Yanga wa kumkalisha. Angekuwa Yanga msimu ule ungemjua jina?

MWANZISHA MADA: Hapo umenishika pabaya, nakubali. Ila Mzize alifunga 14 msimu wa 2024/25 akiwa Yanga hiyohiyo, Dube, ambaye ni mgeni, yuko pembeni yake ana 13. Hakuna aliyemfukuza Dube ili Mzize acheze.

MCHANGIAJI WA PILI: Mzize mmoja. Mmoja! Nchi ya watu zaidi ya milioni 60.

MCHANGIAJI WA TATU: Mnabishana juu ya paa, mimi niko kwenye msingi. Nanoa watoto wa chini ya miaka 15 hapa mtaani. Mipira nina miwili, mmoja unavuja upepo. Watoto 30. Goli ni matofali mawili, wavu hakuna, mtoto akipiga shuti anaufuata mwenyewe hadi kwenye mtaro. Nikipanga zoezi la kufunga, kila mmoja anapata zamu tatu, nne, giza limeingia. Chenga wanazijua, kwa sababu chenga unaweza kujifunza hata na chandimu uani. Kumalizia je? Jana dogo mmoja, kipaji kweli, kawapita watatu, kabaki na kipa, akasimama. Namuuliza kwa nini hukupiga? Akaniambia, "Kocha, ungeingia mtaroni."