Wakuu, nitajuaje kama injini ya Mark II GX110 imebadilishwa?

Mpambanaji_Mbezi: Habari zenu wakuu. Nimepata Toyota Mark II, GX110 ya 2002, milioni 7.5. Bodi safi, viti havijachanika. Ila fundi mmoja alichungulia boneti akasema "hii siyo yake", akaondoka zake. Ndilo gari langu la kwanza, sijui lolote. Nitajuaje? Usingizi sipati.

Kipanga77: Nunua kiwanja Chanika, mkuu. 2014 niliuza ng'ombe wawili nikachukua Corona. Ng'ombe wangekuwa hai, wangeshazaa. Corona iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo.

Spana_Kumi: Tumsaidie kijana. Mlio usikudanganye: injini za 1G-FE (ya GX110) na 1JZ (kubwa zaidi) zote silinda sita kwa mstari. Tazama kibati kwenye ukuta nyuma ya injini. Kama ni GX110 ya kweli kitasoma 1G-FE, 1988cc. Kisha tafuta herufi zilizogongwa kwenye bloku lenyewe. Ukikuta 1JZ, hiyo ni 2491cc, imeletwa. Angalia mauntingi (vishikio vya injini) kama zimechomelewa, na waya zinazoingia kontrolboksi (kompyuta ya injini) kama zimeungwa kwa selotepu. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini kwenye dashibodi isipowaka, huenda kuna mtu ameiua makusudi. Injini namba ya kwenye kadi inalingana?

Mpambanaji_Mbezi: Asante sana. Kadi ina jina la muuzaji na chasisi namba inalingana. Ila linakunywa: tulitia lita tano Mbezi, tukaenda Kibaha Maili Moja na kurudi, taa ya mafuta ikawaka tena.

Spana_Kumi: Kwenye foleni hata 1G inakunywa hivyo. Nimeuliza injini namba, umenijibu chasisi.

Mpambanaji_Mbezi: Basi niseme ukweli. Herufi za mwanzo zinasomeka 1JZ. Zinazofuata zimesagwa kwa grainda, chuma kinang'aa kabisa. Na nimeshatoa milioni 4. Muuzaji ni kaka wa mchumba wangu, mahari nimepeleka mwezi uliopita. Nitaanzia wapi kumdai? Halafu linavuta vizuri mno, injini kubwa si faida kwangu?

Mama_Wawili: Mwanangu, shemeji anayekuficha leo, kesho atakuficha makubwa. Mwambie binti kabla hujamwambia kaka yake. Mimi nilinyamazia mambo ya wifi miaka sita, najua ninachokisema.

Jicho_la_Tatu: Chai hii. Mwanzo gari hulijui, sasa umeenda nalo Kibaha. Mwanzo hujui lolote, sasa umesoma mpaka herufi za bloku. Wanaume wazima mnahangaika na hadithi!

Kipanga77: Hata mimi nilishangaa. Mahari, shemeji, grainda, vyote kwenye uzi mmoja?

Mpambanaji_Mbezi: Aliendesha muuzaji, mimi nilikaa pembeni. Herufi nimezisoma jana usiku kwa tochi ya simu baada ya maelekezo ya Spana, nikazifuta grisi kwa fulana yangu. Siwezi kutunga maumivu ya milioni 4. Niliziweka miaka mitatu.

Spana_Kumi: Mimi namwamini, nimeona nyingi za hivi. Kubadili injini si kosa, dogo. Injini halali ina risiti, inakaguliwa na polisi, TRA wanarekebisha kadi. Namba iliyosagwa ni jambo jingine: inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi, na atakayekutwa nayo barabarani ni wewe. Gari likipata ajali, bima watauliza kwa nini injini si ya kwenye kadi. Usiongeze hata shilingi. Mwombe risiti ya injini, kwa upole, mbele ya mtu mzima wa kwao. Jumamosi nipo Ilala, lileteni, siwadai kitu.

Mpambanaji_Mbezi: Nimempigia sasa hivi. Risiti anasema iliungua. Jumamosi amekubali kuja, ila boneti anataka afungue yeye, na fundi awe wa kwake.

Spana_Kumi: Njoo na huyo fundi wake. Na mjomba wa binti, usimsahau.