Kamati ya shule tumepewa kazi ya kuandika utaratibu wa chakula na michezo, tuanzie wapi?

MjumbeTemeke:
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Temeke, jina la shule naomba nisiliweke. Watoto wamepita 1,800 na uwanja umebaki kipande tu mana upande mmoja yamejengwa madarasa. Kikao kilichopita tukateuliwa watu watatu tuandike utaratibu wa shule kuhusu lishe na mazoezi halafu upelekwe mkutano wa wazazi.

Juzi nikasema ngoja nikajionee mwenyewe, nikaenda saa nne mapumziko nikasimama karibu na uzio. Watoto wanapitisha mikono kwenye senyenge wananunua, huyu ana ice ya kifuko ya mia ulimi umekuwa wa bluu, yule ana chipsi kwenye nailoni zimemwagiwa tomato mpaka zinaogelea, na mwanangu wa darasa la tatu niliyempa mia tano anunue andazi na karanga nikamkuta ana ice mbili, ubuyu na pipi kijiti, hajala kitu toka asubuhi na kutoka ni saa nane na nusu. Uji upo lakini ni wa awali mpaka la pili, tena kwa waliochangia. Michezo kwenye ratiba ipo, Ijumaa kipindi cha mwisho, ambacho kwa uhalisia ni kipindi cha usafi.

Sasa mwenzangu mmoja kaja na rasimu ya kurasa 11 kaidaunlodi sijui wapi, kila sentensi inaanza "shule itahakikisha". Mwingine anataka mstari mmoja tu: wauzaji wote marufuku. Mi naona zote hazitembei. Mliowahi kufanya hili mlifanyaje?

Ticha_wa_Rede:
Mkuu hiyo "shule itahakikisha" ifute yote. Shule ni nani? Andika mwalimu wa zamu, andika mwalimu wa afya, andika matroni, andika siku na saa. Nimefundisha michezo miaka 14 na nakwambia kipindi cha michezo ndo kipindi yatima kuliko vyote, mwalimu wa hesabu akichelewa silabasi anakichukua, darasa la saba wakikaribia mtihani hawakioni tena, na hakuna mzazi atakayekuja kulalamika kwamba mwanawe hajacheza. Ila akikosa hesabu utamwona ofisini.

WHO wanataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuuchosha mwili, sasa wewe na kipindi kimoja cha Ijumaa tena cha kufagia utafika wapi. Sisi tulirudisha mchakamchaka. Watu wa umri wangu mnakumbuka, filimbi na nyimbo, haigharimu hata shilingi. Halafu msiseme hatuna vifaa. Rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, inataka mpira wa soksi na matambara tu, kamba ya kuruka ni ya katani, na kwenye rede utawaona wasichana ambao mpirani hawagusi kabisa wanavyokwepa na kutoka jasho. Tatizo letu shuleni michezo ni wale 20 wa timu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, waliobaki ni washangiliaji.

binti_wa_bagia:
Naomba niseme kidogo kuhusu hao wauzaji mana mama yangu kanisomesha kwa bagia na mihogo ya getini, mpaka form four. Mkiwafukuza hawaendi mbali, wanahamia kona ya pili na watoto wanavuka barabara kuwafuata, hapo mmetengeneza tatizo jingine. Mama alishafukuzwa mara tatu na mara zote alirudi.

Waiteni mkae nao. Muwaulize kwanini hawauzi matunda, watawaambia ukweli: ndizi zikibaki kesho ni nyeusi, pipi ikibaki mwezi mzima bado ni pipi. Ndo hesabu yao hiyo, hawana roho mbaya. Shule moja mama alikouza mwishoni waliwaandikisha wanawake sita, wakaingizwa ndani chini ya mwembe, masharti yakawa vyakula vifunikwe, maji ya kunawa yawepo, soda na ice hakuna, mafuta yaliyokuwa meusi yamwagwe. Wale sita wenyewe wakawa askari, muuza ice akisogea wanamtimua kabla hata mwalimu hajajua, mana anawaharibia soko. Mama akahamia mihogo ya kuchemsha na karanga, na mayai siku za Jumatatu watoto wakiwa na hela.

Mzee_Hoja:
Madawati hayatoshi, vyoo matundu manne, nyie mnaandika sera ya lishe 😂 Na mkigusa tu neno mchango mkuu wa shule anaitwa kujieleza, elimu bila malipo hiyo.

MamaLishe_DSM:
@Mzee_Hoja hapo kwenye mchango watu wengi wanachanganya. Bila malipo ilianza Januari 2016, ila chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki kwa mzazi. Kinachokatazwa ni kumrudisha mtoto nyumbani kisa hajachangia. Kwa hiyo wazazi wakae, wakubaliane wenyewe, muhtasari uandikwe, na asiyeweza kabisa mwanawe ale vilevile. Wizara ya Elimu ina mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, mleta mada utafute huo kabla ya hizo kurasa 11, na ukamuone afisa lishe wa halmashauri yako yupo pale kwa kazi hiyo.

Jingine, msije mkauziwa ule unga wa nafaka kumi. Mahindi, ulezi, ngano, mtama, mchele vyote sehemu kubwa ni wanga mmeuchanganya. Unga wa mahindi uliorutubishwa na karanga za kusaga unatosha sana. Na jikoni mpange mapema, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeshakatazwa kuni na mkaa.

Columbus_Mtz:
Niko Ohio, watoto wangu wanasoma shule za umma huku. Marekani hii kitu ni sheria toka 2004, kila wilaya ya shule iliyo kwenye mpango wa chakula wa serikali lazima iwe na sera yake ya afya, 2010 wakaikazia, wazazi lazima washirikishwe na kila miaka mitatu wajipime. Kwenye karatasi tamu sana. Nikaenda kikao, tulikuwa wazazi wawili, na saa nzima tumebishana keki za birthday darasani. Halafu ndo nchi ambayo 2011 bunge lao lilikataa vijiko viwili vya nyanya ya kusaga juu ya piza viache kuhesabiwa mboga. Usikopi ya huku kaka. Cha kuiba ni kimoja tu: matangazo ya soda hayaruhusiwi shuleni muda wa masomo. Angalia huo ukuta wenu wa shule umepakwa rangi na kampuni gani.

Otis_Nai:
Huku Nairobi kaunti ilianza Dishi na County 2023, mtoto analipa bob 5 kwa sahani, anagusisha bangili tu kwa mashine anapewa chakula. Hakuna mtu anajua nani amelipiwa na nani amejilipia, hiyo ndio ilinifurahisha zaidi. Nyinyi shule moja ya msingi pekee yenu hamuwezi kujenga jiko kama hilo lakini hiyo ya kuficha nani hajalipa mnaweza.

MjumbeTemeke:
Asanteni sana, nimerudi. Tumekutana Jumamosi, rasimu sasa ni ukurasa mmoja na kila mstari una cheo cha mtu. Wauzaji watano wamekubali kuingia ndani, wa sita kagoma anasema ice ndo zinamlipia kodi ya chumba, tumemwambia ajaribu maji ya ukwaju sukari kidogo, anafikiria. Ukuta nimeuangalia 😅 ni nyekundu yote.

Ticha nakuuliza, mchakamchaka mnaanza saa ngapi? Watoto wangu nusu wanapanda daladala na makonda asubuhi wanawaacha, wengine wanaingia saa mbili kasoro wameshakimbia vya kutosha kituoni.

Ticha_wa_Rede:
😂😂 Asubuhi tulishindwa sababu hiyohiyo. Tuliihamishia saa nne kasorobo, dakika 15 kabla ya mapumziko, madarasa kwa zamu. Wakimaliza wanaenda kwenye uji na njaa kweli, ice hawaiangalii.