Mrejesho: siti za Hilux ya zamani, moja imekaa, moja bado

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kufunga siti mbili za mtumba kwenye Hilux ya mzee, maana ile siti ndefu ya mwanzo ilishaoza na matundu ya hizi mpya hayakulingana. Asanteni sana kwa majibu.

Fundi wa kwanza, huku Nyakato, Mwanza, alitaka kutoboa bati la sakafu afunge bolti na washa ndogo tu (kile kisahani cha chuma cha kukalia bolti). Nikakumbuka onyo lenu kwamba gari likigonga, bati tupu linachanika na siti inang'oka na mtu wake. Nikahama gereji.

Tulipotoa zulia, bisibisi ilizama kwenye kutu kama kwenye mkate. (Miaka yote wachuuzi wa samaki wa soko la Mwaloni wamepanda mbele na mabuti mabichi, ningetegemea nini?) Tukakata pale palipooza, tukachomelea bati jipya, na chini ya kila tundu tukaweka kipande kipana cha chuma cha milimita 5. Bolti ni M10 (unene milimita 10) zenye alama 10.9 kichwani, yaani chuma kigumu. Mikanda ya usalama imebaki kwenye sehemu zake za asili.

Siti ya dereva imetulia. Nimeenda Magu na kurudi, nikapitisha spana tena, hakuna bolti iliyolegea.

Ya abiria imenishinda: reli yake (chuma ambacho siti huteleza juu yake mbele na nyuma) inajifunga upande mmoja tu, ukikanyaga breki inasogea "tak!" Hapandi mtu hadi nipate reli nzima. Mama kanuna, anapanda bajaji.