Re: Kurudi Kisumu mwaka ujao, au ningoje kidogo?

Dada, salamu kutoka Mamboleo, hapa Kisumu. Umeuliza kama dola zako zitakutosha ukirudi na kama kazi ziko. Mimi nilirudi mwisho wa 2024, baada ya kuuguza wazee wa watu huko Marekani miaka kumi na mmoja.

Kwanza dola, maana hapo ndipo nilipoungua. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa ikigonga shilingi 160. Mjengo wangu nikaupigia hesabu kwa dola: 500 kila mwezi, yaani 80,000. Februari serikali ikakopa upya ikaanza kulipa ule mkopo wa dola wa 2014 uitwao Yurobondi, hofu ya kwamba Kenya itashindwa kulipa ikaisha, shilingi ikapata nguvu. Kufikia katikati ya mwaka, 500 zilezile zilileta kama 64,500. Nikamwambia fundi basi vifaa navyo vitashuka. Akacheka: "Mama, dola ndiyo imeshuka. Mchanga haujasikia hiyo habari." Kuta zikakwama kwenye lenta miezi mitano, nyasi zikaota sebuleni, mbuzi wa jirani wakapata malisho. Andika bajeti kwa shilingi, dola uzigeuze siku ya kutuma.

Ile kodi ya asilimia 1 inayokatwa huko Marekani kwa pesa zinazotumwa nje, tangu Januari 2026, isikutishe. Ni ya wanaompelekea wakala noti mkononi, au money order na hundi za benki (cashier's check). Ukituma kutoka akaunti ya benki haikugusi.

Sasa kazi. Ukiona tangazo la mshahara wa 60,000, usishangilie bado. NSSF ya uzeeni inachukua 3,600, SHIF ya bima ya afya 2.75%, tozo ya nyumba 1.5%, kisha PAYE, kodi ya mshahara yenyewe. Mkononi zinabaki 45,000 na ushee. Na hiyo ni ukiipata! Mpwa wangu ana digrii ya takwimu na anaendesha boda pale Kibuye. Cheti kiko kabatini kwangu, ndani ya bahasha ileile ya chuo. (Jioni yeye ndiye hunikopesha za tokeni za stima, lakini hilo tuliache.)

Lile wazo lako la kufungua nyumba ya wazee, mimi singeanza nalo. Hapa mtu akimpeleka mamake mahali kama hapo, ukoo mzima utamkalia kikao. Lakini muuguzi wa kuja nyumbani, kupima presha, kumwosha mzee na kuhakikisha amemeza dawa, huyo anatafutwa. Nina wateja watatu. Wote wanalipiwa na watoto walioko ng'ambo, kwa hivyo kusema kweli bado nakula dola, ila sasa ni za wengine.

---

Asante sana dada, nimekusoma mara mbili. Ya kurudi tutaongea. Mama yangu yuko Ahero, presha inamsumbua tangu Pasaka na yuko na msichana wa kazi tu. Kwa siku unachukua ngapi? Nitatuma kwa benki.