Baba wa babu alizaliwa "mwaka wa reli": nizipange vipi tarehe zake?

Mjukuu wa Kibokoni aliuliza:

Assalaam alaykum, wazee na ndugu zangu. Ninaandika habari za baba wa babu yangu ili zisomwe katika kikao cha ukoo baada ya Idi, na niliyo nayo ni mambo manne tu. Bintiye wa mwisho, ambaye ni bibi yangu na bado yu hai, husema kwamba mzee alizaliwa "mwaka wa reli", kwamba alipelekwa kuchukua mizigo katika Vita vya Mjerumani, na kwamba alifariki "wiki ya mgomo, bandari ilipokuwa kimya". La nne limo katika karatasi ya ndoa iliyokunjwa miaka mingi hata wino wa kwenye mikunjo umefutika: mwaka 1339, mahari rupia 40. Nimejaribu kuyazungushia matukio makubwa ya dunia, lakini kila nikisoma nilichoandika naona wafalme na majemadari wamejaa, na mzee mwenyewe haonekani. Nifanyeje?

Mzee wa Majengo alijibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Anza na karatasi, kwa kuwa ndiyo shahidi asiyezeeka. Mwaka 1339 wa Hijria ulianza katikati ya Septemba 1920 ukamalizika mwanzoni mwa Septemba 1921. Mwaka 1920 bara ilifanywa koloni la Kenya, ilhali ukanda wetu wa pwani, uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ulibaki chini ya himaya. Hilo litaje kwa sentensi moja, kisha urudi kwenye mahari, maana ndiko kulikonona. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiiondoa rupia: kwanza ililetwa florini, kisha shilingi, na rupia moja ikahesabiwa kuwa shilingi mbili. Kwa hiyo mzee wako aliahidi mahari kwa fedha iliyokuwa ikitoweka mikononi mwa watu, na kwa hesabu mpya mahari yale yalikuwa shilingi 80. Ukiandika hivyo, wasikilizaji wako watamwona akihesabu.

Kuhusu "mwaka wa reli", jihadhari. Ujenzi ulianza hapa Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mimi ningeelekea 1896, kwa sababu mtu wa kisiwani alichokiona kwa macho yake ni mwanzo wa kazi, vyuma vikishushwa na wafanyakazi wakiwasili kutoka India, wala si mwisho wake kule ziwani. Tena kati ya 1898 na 1900 kulikuwa na njaa kali. Mtoto wa miaka hiyo kwa kawaida angeitwa wa mwaka wa njaa. Hata hivyo andika "yapata 1896", usiikate tarehe.

Binti wa Likoni alijibu:

Ninakubaliana na mzee wangu hapo juu, ila mimi ningelitazama neno "alipelekwa". Bibi hakusema "alikwenda". Wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 msako wa kuwakusanya ulikuwa mkubwa kuliko wakati wowote uliotangulia. Waliokufa, wengi wao kwa maradhi na lishe mbaya, walipita 40,000. Muulize bibi kama mzee aliwahi kutaja jina la mahali. Akitaja Tanga, huenda ni mapema, lakini akitaja Rufiji au Lindi, basi unakaribia 1917. Uliza pia aliporudi alimkuta nani nyumbani, kwa kuwa homa kuu ya mafua iliingia kupitia bandari yetu mwaka 1918. Asipokumbuka, liache wazi, wala usimtungie mzee safari ambayo hakuisimulia.

Msomaji wa Kumbukumbu alijibu:

Ndugu, nina shaka na mgomo. Wengi watakuambia ni ule wa Januari 1947, ulioanza tarehe 13 na kusimamisha karibu mji mzima, lakini makuli waligoma pia mwaka 1939, na maneno "bandari ilipokuwa kimya" yanafaa kote kuwili. Tofauti ni miaka minane, na inabadilisha umri wa mzee kutoka hamsini na kitu hadi arubaini na kitu. Tafuta tukio la katikati. Mwaka 1942 manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Kama kuna kisa chochote cha mzee na manowari hizo, 1939 imeanguka.

Mjukuu wa Kibokoni aliongeza:

Nawashukuru nyote. Nilimwendea bibi jana baada ya alasiri, nikamuuliza juu ya manowari bila ya kumtajia mwaka wowote. Alicheka, akasema babake alimbeba begani hadi Kilindini kuzitazama, naye akalia kwa sababu kiatu kimoja kilimponyoka njiani na hakikupatikana. Kwa hiyo nimeandika 1947. Kuhusu vita, alisema mzee hakutaja mji wowote, ila alikuwa hali muhogo mkavu nyumbani, na ukipikwa hutoka nje. Nimeliandika hilo kama lilivyo, bila mwaka.